Wakili wa serikali mwananchi anapoomba kuona faili

Tarehe 13 Mei 2022, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliiamuru serikali ya Kenya iwape Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo nyaraka za mradi wa reli ya SGR. Wanaharakati hao walikuwa wameomba kuiona mikataba ya reli iliyojengwa kwa mkopo wa China, mkopo ambao kila Mkenya anaulipa kupitia kodi yake. Upande wa serikali ulijitetea kwamba mikataba hiyo ina vipengele vya usiri. Jaji John Mativo hakukubali. Alisema kuwanyima nyaraka hizo kulikiuka Ibara ya 35 ya Katiba.

Magazeti yaliandika kuhusu reli, kuhusu China na kuhusu deni. Aliyesahaulika ni mtu anayekaa kati ya ombi na jibu, yaani wakili wa serikali. Ombi lolote la nyaraka nzito hupita mezani kwake kabla ya mkubwa kutia sahihi. Nataka kueleza hapa anafanya nini, sheria inamruhusu nini, na kwa nini naamini kazi yake inaeleweka vibaya, hata na baadhi ya wanaoifanya.

Tuanze na yeye ni nani. Ibara ya 156 inamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria. Chini yake wapo mawakili wa serikali, baadhi wakiwa Sheria House pale Harambee Avenue, Nairobi, na wengine wakihudumu katika wizara. Mashirika ya umma yana maafisa wao wa sheria. Kaunti nazo zina mawakili wao, na ofisi hiyo ilipata sheria yake mwaka 2020. Ombi likifika, hao wote hupokea dokezo lenye swali lile lile: tutoe au tusitoe?

Wao si waamuzi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema afisa mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine jukumu hilo. Sahihi kwenye barua ya kukubali au kukataa ni ya katibu wa wizara au mkurugenzi mkuu. Wakili anashauri tu. Hata hivyo, ofisini neno "idara ya sheria imesema hapana" lina nguvu kuliko sahihi yoyote, na mkuu asiyetaka kutoa nyaraka hulitafuta neno hilo kwa udi na uvumba, kwa sababu linamwondolea lawama.

Hapo ndipo linapozuka swali la mteja. Wakili wa kawaida hulipwa na mtu na humtetea mtu huyo. Wakili wa serikali hulipwa na umma, huketi na wakubwa, na hutumiwa madokezo nao, basi ni rahisi kuamini kwamba mteja wake ni yule aliye ofisi ya juu. Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 156(6) inamtaka Mwanasheria Mkuu kukuza, kulinda na kudumisha utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Mteja ni taasisi, na taasisi haina maslahi halali yanayopingana na Katiba. Mkuu wake anaweza kuwa na hofu, aibu au kesho ya kisiasa ya kulinda, lakini hayo ni yake binafsi. Wakili anayeshindwa kutenganisha viwili hivi ataandika ushauri mbaya hata akizijua sheria zote kwa moyo.

Sasa sheria yenyewe. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia habari zilizo kwa mtu mwingine yeyote endapo zinahitajika ili kutumia au kulinda haki fulani. Sheria ya 2016, iliyoanza kutumika tarehe 21 Septemba mwaka huo, ikaweka utaratibu. Kifungu cha 4 kinageuza kabisa mtazamo wa zamani: sheria isomwe kwa msingi kwamba kuna wajibu wa kutoa, na kukataa kuruhusiwe pale tu kifungu cha 6 kinaporuhusu. Muombaji halazimiki kueleza anataka nyaraka za nini, na dhana ya afisa kuhusu nia yake haipunguzi haki hiyo. Kwa hiyo wakili anayeanza dokezo lake kwa kuuliza "huyu anataka nini hasa?" ameanza pasipofaa. Awe ni mpinzani wa gavana, mwandishi wa habari au mwanafunzi, majibu yao yanapaswa kufanana.

Kwa miaka kadhaa swali la "wewe ni nani?" lilikuwa ngao nzuri ya kukataa. Ibara ya 35 inamtaja raia, na mwaka 2013, katika kesi kati ya jarida la Nairobi Law Monthly na kampuni ya umeme ya KenGen, Mahakama Kuu ilisema kampuni si raia kwa maana ya ibara hiyo. Mawakili wa serikali waliinukuu hukumu hiyo kila shirika lilipoandika barua. Sheria ya 2016 ikaufunga mlango huo kwa kusema kwamba raia ni pamoja na chombo binafsi kinachodhibitiwa na Wakenya. Mwaka 2017 Katiba Institute iliomba maelezo kuhusu matangazo yaliyosifu kazi za serikali wakati uchaguzi wa Agosti ukikaribia. Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba taasisi hiyo ilikuwa na haki ya kupewa. Mpaka leo ukisikia afisa akisema mashirika hayana haki ya kuomba, ujue ananukuu sheria iliyokwisha kubadilika.

Kinachobaki ni kifungu cha 6, na huko ndiko wakili anakopata chakula chake. Kinataja mambo tisa yanayoweza kuzuia habari: usalama wa taifa, mwenendo wa haki mahakamani, usalama na uhai wa mtu, faragha ya mtu mwingine, maslahi ya kibiashara, uwezo wa serikali kusimamia uchumi, mashauriano ambayo uamuzi wake haujafikiwa, nafasi ya taasisi katika kesi, na siri za kitaaluma. Ukisoma haraka utadhani hakuna kinachosalia. Lakini soma maneno yanayotangulia orodha. Habari inazuiwa pale ambapo kuitoa kunaelekea kuleta madhara yaliyotajwa, na kwa baadhi ya mambo hayo, biashara ikiwemo, sheria inataka madhara makubwa. Hati haizuiwi kwa sababu inahusu usalama au inahusu biashara. Lazima uonyeshe ni dhara gani, kwa nani, na litatokeaje. Muhuri mwekundu wa "SIRI" ni maoni ya aliyeugonga siku ile, na wakili anapaswa kuuliza upya leo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkazi wa kaunti fulani anaandika barua kuomba faili la ujenzi wa zahanati iliyokwama. Kuta zimesimama, paa hakuna, mkandarasi haonekani tena. Katibu wa kaunti analipeleka faili kwa wakili wa kaunti na maneno mawili: "Tafadhali shauri." Wakili mvivu atajibu kwa sentensi moja, ama toa lote ama zuia lote. Wakili anayeijua kazi atalifungua faili na kulisoma karatasi kwa karatasi, kwa sababu sheria inashughulika na habari na inatambua kwamba muombaji anaweza kupewa nakala iliyohaririwa. Faili zima halizuiwi kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Karatasi ya kwanza ni mkataba. Jina la mkandarasi, kazi aliyopewa, bei na muda wa kumaliza havikuhitaji hata kuombwa. Kifungu cha 5 kinaitaka taasisi ya umma kuyatangaza mambo hayo yenyewe mara mkataba unapotiwa sahihi, kwenye tovuti yake au kwa njia nyingine inayofaa. Wakili akikuta hayakutangazwa, ushauri wake una sehemu mbili: mpe muombaji, kisha tangazeni kwa wote, maana mmechelewa kutimiza wajibu.

Zinafuata kumbukumbu za kamati iliyotathmini zabuni. Hapa mambo yanakuwa magumu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 67, inalinda yaliyomo ndani ya zabuni na mambo ya tathmini. Maafisa wa ununuzi wanaikumbatia kwa mikono miwili, na mara nyingine wanaitumia kuficha hata bei ya mwisho. Wakili anapaswa kuzisoma sheria hizi mbili pamoja. Siri ya kiufundi ya mzabuni aliyeshindwa, jinsi anavyokokotoa bei zake, inastahili kulindwa; washindani wake wakiijua ataumia katika zabuni ijayo. Ila bei ambayo kaunti ilikubali kulipa ni fedha ya umma, na hakuna namna mkandarasi anaweza kudai kwamba ni siri yake ya biashara. Busara inataka pia mkandarasi aandikiwe aseme ni sehemu ipi anaona itamdhuru na kwa vipi. Akijibu tu kwamba "yote ni siri," hajajibu.

Kisha kuna orodha ya vibarua waliolipwa, pamoja na nambari zao za vitambulisho, simu na saini. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sehemu hii imekuwa kisingizio kipya kilichopendeza wengi: "Hatuwezi kutoa, kuna data za watu." Dawa yake ni kuziba majina na nambari, kisha kutoa idadi ya vibarua, siku walizofanya kazi na jumla waliyolipwa. Faragha ya kibarua inalindwa, na umma unaona fedha zilikwenda wapi. Jina la afisa aliyeidhinisha malipo halizibwi. Alitia sahihi akiwa kazini, kwa mamlaka ya umma, na kitendo hicho hakina faragha.

Ripoti ya mhandisi inasema nondo zilizotumika ni hafifu na ukuta mmoja una ufa. Mkandarasi angependa ifichwe, na huenda kaunti pia. Kifungu cha 6(3) cha Sheria ya Kupata Habari kinasema kinga ya faragha na ya biashara hazifanyi kazi pale ombi linapohusu matokeo ya vipimo vya bidhaa au vya mazingira yanayoonyesha hatari kubwa kwa usalama wa watu. Tunaweza kubishana kama ripoti ya ufa wa ukuta inaingia moja kwa moja katika maneno hayo. Mimi ningeshauri itolewe hata kama haiingii, kwa sababu dhara la kuificha ni watoto kucheza chini ya ukuta huo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliougua kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri na kushinda kesi yao mwaka 2020, wanajua thamani ya kipimo kinachotoka mapema.

Halafu anakuta dokezo la mkurugenzi wa afya akimshauri gavana kama mkataba uvunjwe au mkandarasi apewe muda zaidi. Uamuzi haujafanyika. Kinga ya mashauriano inaingia hapa kihalali, kwa sababu maafisa wanahitaji nafasi ya kupeana ushauri mkali na wa wazi kabla ya kuamua. Ila kinga hii ina mwisho wake: gavana akishaamua, sababu ya kulizuia dokezo imekwisha. Wakili mwangalifu ataandika hivyo kwenye ushauri wake, kwamba karatasi hii izuiwe kwa sasa, na iangaliwe tena uamuzi ukitoka. Wengi husahau sentensi hiyo ya pili, na karatasi hubaki imefungwa miaka kumi kwa sababu iliyodumu wiki tatu.

Mwishoni kabisa mwa faili kuna barua ambayo wakili anaitambua mara moja, kwa sababu aliiandika yeye. Ni maoni yake kwa katibu wa kaunti juu ya nguvu na udhaifu wa kaunti ikiwa mkandarasi atakwenda mahakamani.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utata mkubwa zaidi. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda mawasiliano kati ya wakili na mteja wake, na kifungu cha 6 cha Sheria ya Kupata Habari kinazitambua siri za kitaaluma na pia nafasi ya taasisi katika kesi inayoendelea au inayotarajiwa. Sababu yake ni nzuri. Mkuu wa taasisi asipoweza kumuuliza wakili wake "je, tumekosea?" bila kuogopa kwamba jibu litasomwa na mpinzani kesho, ataacha kuuliza, na serikali isiyouliza itavunja sheria zaidi. Ushauri wa kisheria unastahili ulinzi, na ningeutetea ulinzi huo mbele ya yeyote.

Tatizo ni jinsi ulinzi huo unavyotanuliwa. Afisa anajua kwamba barua za wakili hazitolewi, basi anamnakili wakili kwenye kila barua pepe, hata ile ya kuagiza saruji. Ripoti ya ukaguzi inapitishwa idara ya sheria "kwa maoni" na kurudi ikiwa imevaa joho la siri ya kitaaluma. Hayo hayaibadilishi hati. Kilicho siri ni kuombwa na kutolewa kwa ushauri wa sheria. Ukweli ulioandikwa ndani ya barua hiyo, kwamba mkandarasi alilipwa tarehe fulani, kwamba paa halikuezekwa, unabaki kuwa ukweli wa umma ikiwa upo kwenye hati nyingine, na ni lazima utolewe kutoka kwenye hati hiyo. Tena, ulinzi huu ni wa mteja, na mteja anaweza kuuachilia. Kuna nyakati ambapo kutoa ushauri wenyewe ndiko kunakojenga imani, na wakili ana wajibu wa kumwambia mteja wake kwamba hilo linawezekana, badala ya kuuchukulia ukimya kama desturi.

Kinga ya kesi "inayotarajiwa" nayo inahitaji kushikwa kwa hatamu. Kila ugomvi nchini Kenya unaweza kuishia mahakamani; kila mwananchi aliyekasirika anaweza kushtaki. Ikiwa hiyo inatosha, basi hakuna kitakachotolewa, na anayenyimwa zaidi ni yule yule aliyedhurika zaidi. Wakili aonyeshe kesi ipi, kati ya nani na nani, na hati hii itaiharibuje. Kuwa na aibu mbele ya jaji si madhara yanayolindwa. Hati inayothibitisha kwamba serikali ilikosea haiiharibii serikali nafasi yake mahakamani kwa maana ya sheria. Inaiambia ilipe mapema.

Turudi kwenye vipengele vya usiri vilivyotajwa katika kesi ya SGR, maana vinaonyesha kwamba uamuzi wa kufichua hufanyika miaka mingi kabla ya ombi kuandikwa. Novemba 2022, Kipchumba Murkomen, wakati huo akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo ya mwaka 2014 kati ya Kenya na Benki ya Exim ya China. Wananchi walisoma wenyewe sharti kwamba mkopaji aweke masharti yote kuwa siri, asiyatoe bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji, na kwamba mizozo ingeamuliwa kwa usuluhishi Beijing. Mwaka huo wa 2014 Ibara ya 35 ilikuwa na miaka minne. Mikataba ya namna hiyo hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu ili kupata maoni ya kisheria. Swali linalopaswa kuulizwa hapo ni jepesi: je, taasisi ya umma inaweza kuahidi kwa mkataba kwamba haitatimiza Katiba? Haiwezi. Kifungu cha 6 hakitaji "tuliahidi" kuwa miongoni mwa sababu za kukataa. Kinachotakiwa, na ambacho wakili mzuri hukipigania mezani kabla ya kalamu kushikwa, ni maneno machache: usiri huu utatumika isipokuwa pale sheria za Kenya zinapotaka habari itolewe. Maneno hayo yakiwemo, miaka minane baadaye hakuna wakili atakayelazimika kusimama mbele ya jaji akitetea ahadi isiyoteteka.

Majirani wa Uganda wanayajua haya kwa uchungu. Sheria yao ya kupata habari ni ya 2005, imeitangulia ya Kenya kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 2009 waandishi wa habari wawili walikwenda mahakamani Nakawa kudai mikataba ya mafuta kati ya serikali na kampuni za kigeni. Hakimu aliwakatalia, akiona hawakuonyesha kwamba manufaa ya umma yanazidi madhara ya kufichua. Ugumu unaonekana wazi: unawezaje kuthibitisha manufaa ya hati ambayo hujaiona? Kenya ilichagua njia nyingine kwa kuweka mzigo wa maelezo kwa anayekataa, na ndiyo maana ushauri wa wakili una uzito mkubwa hivyo.

Juu ya usalama wa taifa sitasema mengi. Orodha ya kifungu cha 6(2) ni pana kupita kiasi. Ndani yake mna mbinu za kijeshi na ujasusi, ambazo hakuna mwenye akili timamu anayetaka zitangazwe, lakini pia mna uhusiano na nchi za nje na majadiliano ya Baraza la Mawaziri. Upana huo unamtaka wakili awe mkali zaidi na wateja wake. Bei ya chakula cha kambi haifichui mbinu ya vita.

Kuna pia mizani ya manufaa ya umma. Kifungu cha 6(4) kinasema hata habari yenye kinga inaweza kutolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara, kama itakavyoamuliwa na mahakama. Mawakili wengi husoma maneno hayo ya mwisho na kupumua: hiyo ni kazi ya jaji. Naona ni kosa. Kifungu cha 6(6) kinataja mambo ya kuzingatiwa, yakiwemo uwajibikaji wa taasisi na mjadala wa umma ulio na taarifa. Ikiwa wakili anaona waziwazi jaji ataamua nini, kumwacha mwananchi atafute pesa za kesi miaka miwili ili apate jibu hilo ni kuitumia fedha ya umma dhidi ya umma.

Na muda. Taasisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Inaweza kujiongezea siku 14, mara moja, nyaraka zikiwa nyingi au mashauriano yakihitajika. Ombi likiwa la taasisi nyingine, lihamishwe ndani ya siku 5. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika anapaswa kuandikiwa na afisa na kupewa nakala. Hakuna ada ya kuomba. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kunakili. Katika maisha halisi barua hugongwa muhuri masjala, hupanda kwa mkuu, hushuka kwa idara husika, na humfikia wakili siku zikiwa zimeyoyoma. Ushauri wenye faida kuliko yote ambao wakili anaweza kuipa taasisi yake hauna nukuu hata moja ya kesi: ombi lolote la habari lije kwangu siku lilipopokelewa. Kwa sababu siku ya 21 ikipita kimya, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa, na kukataa huko hakuna sababu yoyote iliyoandikwa. Hakuna wakili anayeweza kutetea uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Asiyeridhika ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman. Tume inaweza kuwaita maafisa, kudai nyaraka, kuamuru habari itolewe, na amri yake inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu ili itekelezwe. Njia hii ina nidhamu kwa pande zote mbili. Baada ya uchaguzi wa marudio wa urais mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilizitupa nje nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi zilizoletwa na Njonjo Mue na Khelef Khalifa, kwa kuwa hazikupatikana kwa utaratibu halali. Mwenye nyaraka aombwe kwanza. Niliposoma uamuzi huo niliona una upande wa pili ambao mawakili wa serikali hawausemi sana: ukimwambia mwananchi apite mlangoni, basi mlango ufunguliwe.

Na mkuu akiukataa ushauri? Hutokea. Wakili hana mamlaka ya kutoa hati kwa nguvu, wala hapaswi kuivujisha. Anachoweza ni kuandika ushauri wake waziwazi, kwa tarehe, aeleze ni karatasi ipi itolewe na kwa kifungu kipi, aonye kwamba Tume au mahakama itaamuru vinginevyo, kisha auweke kwenye faili. Suala likifika mahakamani, kiapo cha kueleza madhara kitaapwa na afisa, na wakili hawezi kumsaidia mtu kuapa jambo ambalo wote wawili wanajua si kweli. Ofisa wa mahakama ni ofisa wa mahakama hata akilipwa na Hazina.

Limebaki jibu moja ambalo kifungu cha 6 hakilitaji kabisa: "Faili halionekani." Wakili asilipokee jibu hilo kwa simu. Sheria inaitaka taasisi itunze kumbukumbu zake vizuri, nyaraka za serikali haziteketezwi bila idhini ya Idara ya Nyaraka za Taifa, na kuharibu au kuficha hati ili muombaji asiipate ni kosa la jinai. Habari zenyewe, kwa tafsiri ya sheria, ni kumbukumbu zozote bila kujali zimehifadhiwa kwa umbo gani, kwa hiyo swali linagusa pia barua pepe, na kwa maoni yangu hata makundi ya WhatsApp ambamo kazi ya ofisi ilifanyiwa. Aitishe rejista ya masjala, aone ni nani alilichukua faili na lini, amwandikie huyo, atafute nakala kwa mkandarasi, kwa mhasibu, kwa mkaguzi. Baada ya hapo, kama kweli halipo, barua kwa muombaji ieleze wametafuta wapi na wamemuuliza nani, na imwambie kwamba ana siku 30 za kwenda kwa Ombudsman.